Kufungua Boliti za Breki na Skrubu za Diski Zilizoganda kwa Kutu: Mwongozo Kamili kwa Gari la Zamani

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu swali moja linarudi mara nyingi mno: mtu amenunua diski na pedi mpya, amefungua tairi mwenyewe nyumbani Gungu au Mwandiga hapa Kigoma, kisha amekwama kwenye skrubu mbili ndogo ambazo vichwa vyake vimelika, au kwenye boliti ya braketi (chuma kinachoshikilia kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski) iliyokatika ndani. Karibu kila mara chombo chenye nguvu zaidi kilitumika mapema kuliko ilivyofaa. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinaanza na njia laini na kwenda kwenye njia kali, na kila moja inapaswa kupewa muda wake kabla ya kuhamia inayofuata. Kichwa cha boliti kikiwa kizima bado una njia nyingi za kujaribu. Kikishalika, unabaki na drili na mashine ya kuchomelea.

## Kwanza hakikisha gari lako ni la aina hii

Maelezo haya yanahusu magari ambayo diski inakaa juu ya habu (kitovu cha gurudumu) kwa mbele na hushikwa na nati za tairi. Magari mengi madogo ya Kijapani yaliyomo barabarani kwetu yako hivyo. Honda za zamani, CR-V ikiwamo, kwa kawaida zina skrubu mbili za milimita 6 kwenye uso wa diski. Toyota nyingi ndogo hazina skrubu hizo; mwenye Corolla ataruka sehemu ya skrubu na kuendelea na boliti.

Toyota Hilux ya zamani yenye kuvuta magurudumu manne na Land Cruiser za mfululizo wa 70 na 80 ni habari nyingine. Diski zake za mbele zimefungwa kwa nyuma ya habu, hivyo habu nzima pamoja na beringi zake lazima itoke kwanza. Ukianza kugonga diski ya namna hiyo kwa nyundo ukitarajia itoke, utaharibu beringi tu.

## Vifaa vya kuandaa

Kusanya kila kitu kabla ya kuinua gari, maana kukimbilia sokoni Mwanga huku gari likiwa juu ya jeki ni hatari na ni upotevu wa siku.

- Jeki, stendi mbili imara, ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, na magogo ya kuzuia magurudumu.
- Brashi ya waya, msasa na matambara.
- Mafuta ya kupenyeza kutu, kama vile WD-40 au mengine ya aina hiyo.
- Soketi za pembe sita, hasa namba 12, 14 na 17, pamoja na mkono mrefu wa soketi.
- Bisibisi ya nyota namba 3, na bisibisi ya kugonga, yaani ile ambayo ukiipiga kwa nyundo kitakoni inazunguka yenyewe kidogo.
- Nyundo ya chuma ya takriban kilo moja, na nyundo ya plastiki au kipande cha mti mgumu.
- Boliti mbili za milimita 8 zenye uzi wa 1.25, zenye urefu wa kutosha, kwa ajili ya kusukuma diski.
- Vaisgripu (koleo la kujifunga), tindo kali, drili na keekee za milimita 3 na 7.
- Waya wa kuning'inizia kalipa.
- Miwani ya kukinga macho na glavu.

Soketi ya pembe sita imetajwa kwa makusudi. Ile ya pembe kumi na mbili, ambayo ndiyo hujaa kwenye seti za bei nafuu, hushika boliti kwenye ncha za kona tu. Boliti yenye kutu ikigoma, kona zile hulika. Spana ya mdomo wazi isitumike kabisa katika mvuto wa kwanza.

Kuhusu mafuta: dizeli na mafuta ya taa hutumiwa sana kwenye gereji zetu na husaidia kidogo, ila hufanya kazi polepole. Mawese hayafai. Ni mazito, huganda kukiwa na ubaridi, na hayawezi kupenya katika nafasi nyembamba iliyopo kati ya uzi wa boliti na tundu lake.

## Hatua ya 1: Simamisha gari kana kwamba utalisukuma

Hutalisukuma kwa hiari yako, lakini mkono mrefu wa soketi unaovutwa kwa nguvu zote za mwili hufanya kazi ile ile. Chagua mahali tambarare, jambo ambalo katika mitaa ya miinuko ya Kigoma linahitaji kutafutwa. Zuia magurudumu yatakayobaki chini, legeza nati za tairi robo mzunguko kabla ya kuinua, inua, weka stendi, kisha lisukume gari kwa mkono. Lisitikisike.

Stendi isikae juu ya udongo mtupu. Wakati wa mvua ardhi inayoonekana ngumu asubuhi huzama polepole chini ya mguu mwembamba wa stendi. Tofali la kuchoma lisitumike badala ya stendi hata kwa dakika moja, kwa kuwa hupasuka ghafla bila kutoa dalili.

Ukifanya kazi mbele, pinda usukani ili upande wa nyuma wa kalipa utazame nje. Utapata nafasi ya kuvuta spana bila kulala chini ya gari. Weka tairi ulilolitoa chini ya ubavu wa gari kama kinga ya pili.

## Hatua ya 2: Safisha, lowesha, subiri

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua matokeo.

Lowesha vumbi la breki kwa maji ya sabuni kabla ya kuligusa, na usilipulize kwa pampu ya upepo wala kwa mdomo, kwani pedi za zamani huweza kuwa na asbesto. Kisha piga brashi ya waya kuzunguka kichwa cha kila boliti mpaka chuma kionekane. Kwa skrubu, chokoa tope na kutu ndani ya msalaba wa kichwa kwa msumari mwembamba hadi uone sakafu yake. Bisibisi isiyofika sakafuni haishiki, nayo ndiyo hula kichwa.

Tia mafuta ya kupenyeza mahali kichwa kinapokutana na chuma kingine, na pia, kama tundu limetoboka hadi upande wa pili, tia kwenye ncha ya boliti inayochungulia huko. Ncha hiyo husahauliwa, ilhali ndiyo yenye kutu nyingi zaidi kwa sababu hupigwa na tope moja kwa moja. Gonga kichwa mara kadhaa kwa nyundo, si kwa hasira bali kwa mapigo mafupi yanayolia, kwa kuwa mtikisiko huo huvunja kutu kidogo kidogo na kufungulia mafuta njia. Rudia baada ya saa moja, kisha liache gari usiku kucha.

Gari linaloshinda njia ya Uvinza likibeba chumvi lipewe siku mbili. Vivyo hivyo gari lililotoka Japani likiwa limetumika kwenye mikoa ya baridi, ambako barabara humwagiwa chumvi ili theluji iyeyuke: linaweza kufika kwetu liking'aa rangi huku chini yake kutu imekwisha kujenga nyumba.

Mafuta yasiguse pedi, na ikiwa diski itarudishwa, yasiguse uso wake. Pedi iliyolowa mafuta haisafishiki, inatupwa.

## Hatua ya 3: Fungua skrubu za diski kabla ya kugusa kalipa

Wengi hutoa kalipa kwanza, halafu wanajikuta wanapigana na diski inayozunguka hovyo kila wanapoikaza bisibisi. Ukiiacha kalipa mahali pake, mtu mmoja akikanyaga breki diski inatulia kabisa.

Jambo la pili la kuelewa ni bisibisi yenyewe. Skrubu hizi kwenye Honda zinahitaji nyota namba 3. Bisibisi ya nyota iliyomo katika nyumba nyingi ni namba 2, ambayo inaingia, inaonekana imekaa sawa, kisha inapanda juu na kula kingo. Zaidi ya hapo, msalaba wa skrubu za Kijapani umechongwa tofauti kidogo na ule wa Kimarekani, kiasi kwamba bisibisi ya kawaida hurushwa nje kwa urahisi inapokazwa. Ukipata ncha iliyotengenezwa kwa skrubu za Kijapani, inunue hata kama bei yake inaudhi.

Sasa fanya hivi:

1. Weka ncha butu ya chuma, au boliti nene yenye uso bapa, juu ya kichwa cha skrubu na uipige kwa nguvu mara tatu au nne. Kichwa cha skrubu kina umbo la koni iliyokaa ndani ya diski, na koni hiyo ndiyo iliyobanwa na kutu. Pigo la moja kwa moja huifumua.

2. Paka chembe ya dawa ya kusagia valvu kwenye ncha ya bisibisi. Mchanga wake laini huongeza mshiko.

3. Weka bisibisi ya kugonga katika mwelekeo wa kufungua. Hakikisha kwanza mkononi, maana ina pande mbili, na mtu akikosea huikaza skrubu kwa nyundo ya kilo nzima.

4. Izungushe kwa mkono kuelekea kufungua hadi ikae na mvuto, ishike imara na iliyonyooka, kisha ipige kitako pigo moja zito. Pigo moja la uhakika ni bora kuliko mapigo kumi ya woga, kwa sababu pigo dogo huirusha ncha bila kuigeuza skrubu.

Dalili ya mafanikio ni ndogo: alama ya mng'ao pembeni mwa kichwa, au msalaba kuonekana umegeuka kidogo kutoka ulipokuwa. Ukishaiona, badili na utumie bisibisi ya kawaida. Usipoiona baada ya mapigo matano hivi, simama uangalie msalaba. Ukiwa bado una kona, ongeza mafuta na subiri. Kona zikianza kuviringika, acha bisibisi kabisa na uchukue tindo: iweke pembezoni mwa kichwa, ichimbe alama kwa kuipiga wima, kisha ilaze na uigonge kuelekea kinyume cha saa. Njia hii ina sura ya ushenzi, lakini huokoa skrubu nyingi.

Nayo ikishindikana, toboa. Msalaba wenyewe unakuelekeza katikati. Anza na keekee ya milimita 3, kisha ya milimita 7, kwa mwendo wa polepole na tone la oili, hadi kichwa kitengane. Usiogope. Skrubu hizi kazi yake ni kuishikilia diski isiyumbe wakati wa kuunganisha kiwandani. Mshikaji halisi wa diski barabarani ni nati za tairi. Diski ikishatoka, kipande kilichobaki kitachungulia, nacho hushikwa kwa vaisgripu na mara nyingi hutoka bila ubishi, kwa kuwa kilichokuwa kinakibana ni koni ya kichwa.

## Hatua ya 4: Boliti za braketi

Ili diski itoke, kwa kawaida si lazima utenganishe kalipa na braketi yake. Fungua boliti mbili kubwa zinazoshika braketi, mara nyingi za spana 17, na vyote viwili vitatoka pamoja. Boliti ndogo za pini za kutelezea, za spana 12 au 14, unazigusa unapobadilisha pedi. Paipu ya oili ya breki usiifungue, wala nipo ya kutolea hewa (boliti ndogo iliyo kwenye kalipa) usiijaribu “kuona kama inafunguka”: ina tundu katikati, ni dhaifu, na ikikatika umejitafutia kazi ya siku nyingine.

Boliti za braketi huingia kutoka upande wa ndani wa gari. Aliyekaa upande wa tairi huona mambo kinyume, na wapo waliozikaza kwa bomba la mita moja hadi zikakatika wakidhani wanafungua. Jifikirie umekitazama kichwa cha boliti uso kwa uso. Kutoka hapo, kufungua ni kinyume cha saa.

Ingiza soketi mpaka mwisho na igonge kidogo ikae. Vuta mkono mrefu kuelekea kwako badala ya kuusukuma mbali, na uweke mkono wa pili kwenye kichwa cha soketi ili isiiname. Usivute kwa kushtua bali ongeza nguvu polepole. Kabla ya kufungua, jaribu kuikaza boliti kidogo sana, kiasi cha kuhisi tu. Mara nyingine kutu huvunjika kuelekea upande huo kwa urahisi zaidi.

Hapa masikio na mikono ndiyo mwalimu. Mlio mmoja mkavu, kisha boliti kulegea, ni ushindi. Mlio wa kusaga unaoendelea maana yake ni kwamba uzi una kutu ndani: fungua nusu mzunguko, tia mafuta, rudisha robo, fungua tena, na uendelee hivyo kwa subira. Lakini boliti ikigeuka kwa ulaini kama inavutika, bila mlio na bila kulegea, simama papo hapo. Hiyo inajisokota na iko karibu kukatika. Rudi kwenye mafuta, au nenda kwenye moto.

## Moto, ukilazimika

Joto hupanua chuma kilichoizunguka boliti, hulainisha gundi ya uzi ambayo baadhi ya viwanda hutia, na kupasua kutu. Elekeza moto kwenye chuma kinachoizunguka, si kwenye boliti yenyewe, hadi kiwe cha moto sana bila kufikia wekundu. Ikishapata moto, gusisha nta karibu na kichwa. Mshumaa unafaa, na nta ya nyuki ya Kibondo pia. Itayeyuka na kunyonywa ndani kwenye uzi. Subiri ipoe kiasi, kisha jaribu.

Maonyo hapa ni mazito. Usikaribishe moto kwenye paipu ya raba, kwenye kalipa yenye oili ndani, wala kwenye raba za pini. Ning'iniza pembeni chochote kinachoweza kuondolewa. Futa mafuta ya kupenyeza kabla ya kuwasha, na uwe na ndoo ya mchanga karibu. Usichome sehemu iliyopulizwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, kwani ikipata moto hutoa gesi ya sumu kali. Boliti iliyofikia wekundu isirudishwe kwenye gari.

## Hatua ya 5: Kuitoa diski iliyoshikana na habu

Ning'iniza kalipa kwa waya kwenye springi. Uzito wake usining'inie kwenye paipu. Ikiwa ni breki ya nyuma, achia breki ya mkono.

Tazama uso wa diski. Diski nyingi za Kijapani zina matundu mawili yenye uzi wa milimita 8. Safisha uzi wake, tia boliti zako mbili, na ukaze moja robo mzunguko kisha nyingine robo mzunguko, kwa zamu. Diski itasukumwa nje kwa usawa, na mara nyingi hutoka kwa mshindo, kwa hiyo ondoa miguu. Boliti zikiwa nzito sana kukaza, usizidishe. Ziache na mvuto wake na uigonge diski kati ya nguzo za nati kwa nyundo, ukiizungusha kila baada ya pigo. Diski inayotupwa igonge upendavyo. Inayorudi igongwe kwa mti au plastiki tu.

## Boliti ikikatika ndani

Kwa boliti ya braketi iliyokatika, njia ninayoiamini kuliko nyingine ni kumpelekea fundi wa kuchomelea aunganishe nati juu ya kisiki kilichobaki. Joto la kuchomelea hulegeza kutu, na nati mpya inakupa kichwa kipya. Ondoa waya hasi wa betri kwanza, na waya wa ardhi wa mashine ufungwe karibu na sehemu inayochomelewa, ili umeme usipite kwenye beringi.

Vile vyombo vya kuvutia visiki, vyenye uzi wa kinyume, vinahitaji tahadhari. Chuma chake ni kigumu lakini chenye kuvunjika. Kikikatikia ndani, keekee ya kawaida haitakiingia.

## Hatua ya 6: Kurudisha

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka uwe laini. Ganda dogo la kutu likibaki nyuma ya diski mpya litaifanya ikae upande, na usukani utatetemeka kila unapofunga breki. Paka grisi ya shaba, utando mwembamba tu, pale diski inapokaa kwenye habu. Pini za kutelezea zinahitaji grisi ya silikoni, kwani grisi ya kawaida ya petroli huvimbisha raba zake.

Boliti mpya ya breki iwe na alama ya nguvu ile ile iliyoko kwenye kichwa cha zamani, kama 8.8 au 10.9. Boliti ya duka la vifaa vya ujenzi inaweza kuwa na uzi ule ule na urefu ule ule, na bado isifae kabisa. Kwa mkazo, fuata kitabu cha gari lako. Boliti za braketi za magari mengi madogo huangukia karibu na nyutoni-mita 100, ilhali skrubu za diski kwenye Honda zinahitaji takriban 10 tu, yaani mkono bila bomba. Nyingi za skrubu zinazowatesa watu leo zilikazwa kupita kiasi na mtu aliyepita kabla yao.

Kaza nati za tairi kwa zamu ya msalaba, yaani kila mara ukiruka kwenda nati ya upande wa pili. Kabla ya kuwasha injini na kuondoka, kanyaga breki mara nyingi mpaka pedali iwe ngumu, kwa sababu pistoni za kalipa zikisharudishwa nyuma ili pedi mpya ziingie, pedali ya kwanza hushuka hadi sakafuni. Angalia kiwango cha oili ya breki. Jaribu gari kwa mwendo mdogo mahali tambarare, mbali na mteremko wowote, ukifunga breki kwa upole mara kadhaa ili pedi na diski zizoeane, kisha uguse nati za tairi tena kwa spana baada ya kilomita 50 hivi, hata kama itakubidi kusimama kando ya barabara ya Kasulu kufanya hivyo.